Mapovu ya Panda, maji ya Shituru

Chukua glasi ya bia ya Simba, ile inayopikwa Lubumbashi na kunywewa katika baa za Kikula, udondoshe ndani yake punje moja ya karanga iliyokaangwa. Karanga itazama hadi chini na kutulia. Baada ya muda viputo vya gesi vitaanza kuota juu ya ngozi yake kama umande juu ya jani, kimoja baada ya kingine, na ghafla karanga itanyanyuka na kupanda hadi juu. Ikifika kwenye povu itajigeuza, viputo vitapasuka, nayo itazama tena. Itacheza hivyo kwa dakika nyingi. Mwaka 2023 watafiti waliokuwa Munich, Ujerumani, walichapisha makala ya kisayansi kuhusu mchezo huu, baada ya mmoja wao kuuona kwenye baa za Argentina. Walieleza kwamba kinachotokea ndani ya glasi ndicho kinachotokea viwandani pale madini ya chuma yanapotenganishwa na mawe yasiyo na faida.

Likasi inaufahamu mchezo huu kwa karibu miaka 100, kwa kuwa hapa jiwe lilieleshwa juu ya maji tangu miaka ya 1920.

Mji wa Likasi una komuni nne: Likasi yenyewe, Kikula, Panda na Shituru. Mbili za mwisho zilijengwa na viwanda, na kila moja ilikuwa na sanaa yake ya maji. Panda walipandisha jiwe kwa mapovu. Shituru waliyeyusha jiwe kwa tindikali, kisha wakasubiri matope yazame. Historia ninayotaka kuisimulia inapita kati ya sanaa hizo mbili, kupanda na kuzama. Ni pia historia ya chembe zile ambazo hazikutaka kupanda wala kuzama, zikabaki zinaning'inia ndani ya maji na kwenda nayo mtoni.

Shaba ya nchi hii ilichimbwa zamani kabla ya kampuni yoyote. Wasanga na majirani zao waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha katika tanuu za udongo wa kichuguu na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Watu wa kazi hiyo waliitwa wala shaba, wa kula mukuba. Misalaba ile ilikuwa fedha na ilikuwa mahari. Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi na kujenga dola yake Bunkeya, aliuza shaba kwa misafara hadi alipouawa mwaka 1891, na ni katika njia hizo za biashara ambapo Kiswahili nacho kilishuka Katanga. Kutenga jiwe zuri na udongo hakukuhitaji mtambo: jiwe la shaba ni zito, udongo ni mwepesi, nayo maji yakitikiswa huubeba udongo na kuliacha jiwe. Hadi leo ba-creuseurs, wachimbaji wadogo, huosha hivyo hivyo kwenye vijito, wamesimama hadi magotini, chekeche mikononi.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuu ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Mwanzoni walichagua mawe tajiri tu, yaliyoweza kwenda moja kwa moja kwenye moto. Lakini mawe tajiri huisha mapema kuliko hamu ya kampuni. Kambove na migodi ya jirani ilikuwa na vilima vya mawe ya wastani, yenye shaba iliyotawanyika ndani ya mchanga mgumu, na kuyapika mazima kulikuwa kuteketeza makaa bure. Ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtambo wa kuchenjua ulijengwa Panda. Kwanza ulifanya kile ambacho waoshaji wa kijitoni walikuwa wakifanya, yaani kutenganisha kwa uzito, ila kwa mashine. Tatizo likawa lilelile la kijitoni. Jiwe likisagwa laini, chembe za shaba huwa nyepesi kama vumbi na huondoka pamoja na udongo. Kadiri unavyosaga ili kuifungua shaba, ndivyo unavyoipoteza.

Jibu lilikuwa limeshaanza kupatikana kwingine. Mwaka 1860 Mwingereza William Haynes aliandikisha hataza akieleza kwamba mafuta hushika baadhi ya madini na kuyaacha mengine. Mwaka 1886 mwanamke wa Marekani, Carrie Everson, alipata hataza ya kutumia mafuta pamoja na tindikali. Wanaume wa migodi hawakumjali wakati huo. Kisha huko Broken Hill, Australia, ambako milima ya mabaki yenye zinki ilikuwa imetupwa, wahandisi waligundua mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mafuta kidogo sana yanatosha iwapo hewa itachapwa ndani ya tope hadi litoe povu. Chembe ya madini iliyopakwa mafuta hukimbia maji, hukutana na kiputo, hukinatia, na kupanda nacho. Mchanga mtupu hupenda maji na hubaki chini. Povu linakwanguliwa, linakaushwa, na hayo ndiyo makinikia, neno ambalo Watanzania wote walilijua mwaka 2017 kwenye mzozo wa makontena bandarini.

Katika historia hii kuna mtu mmoja ninayemkumbuka zaidi kwa ajili ya Shituru. Mwaka 1904 Francis Elmore, Mwingereza, alikuja na njia iliyokuwa tofauti na kuchapa. Aliona kwamba hewa tayari imo ndani ya maji, imeyeyuka, haionekani. Alilitia tope la madini katika chombo kilichofyonzwa hewa, shinikizo likashuka, na hewa iliyokuwa imejificha majini ikatoka yenyewe kwa viputo vidogo mno ambavyo viliota juu ya chembe zenye mafuta na kuzibeba. Kanuni yenyewe ilikuwa ya zamani: William Henry wa Manchester aliitangaza mwaka 1803, kwamba gesi huyeyuka majini kwa kadiri ya shinikizo linaloisukuma. Ukifungua soda unaiona sheria ya Henry. Mtambo wa Elmore ulifanya kazi, lakini migodi iliona kuchapa povu ni rahisi na haraka zaidi, na wazo la hewa iliyoyeyushwa likawekwa kando. Lilizaliwa mgodini, mgodi ukaliacha.

Turudi Panda. Wahandisi wa Union Minière hawakuweza kunakili Broken Hill, kwa sababu mawe ya huko yalikuwa ya salfidi, yanayong'aa kama chuma, na salfidi hushika mafuta upesi. Mawe ya juu ya Katanga ni ya oksidi. Malakiti ni shaba iliyofungwa na kaboni na oksijeni, na jiwe la namna hiyo hupenda maji karibu sawa na mchanga unaolizunguka. Dawa yake ilitoka ndani ya Kongo: mawese. Mafuta ya mchikichi, yaleyale yanayopikiwa sombe, yalipasuliwa kwa mvuke hadi yawe asidi za mafuta, yakachanganywa na mafuta ya dizeli, magadi na silikati ya sodiamu, kisha yakatiwa kwenye tope. Asidi ya mafuta inapokutana na uso wa malakiti hutengeneza ngozi nyembamba ya sabuni ya shaba. Ngozi hiyo hukimbia maji, na kiputo huinatia. Njia hii ya mawese ikawa alama ya Katanga katika vitabu vya uchenjuaji vya dunia nzima, na mtambo wa Kolwezi ulipoanza kazi mwaka 1941 uliirithi. Mawe yenye dolomiti yaliisumbua, kwa kuwa dolomiti nayo hupenda asidi ya mafuta na kupanda pamoja na shaba. Huko ilibidi watumie salfidi ya sodiamu kuidanganya malakiti ijione kama salfidi.

Ninakaa kidogo hapa kwa sababu jambo hili halisemwi vya kutosha. Tunapozungumza juu ya teknolojia katika mji huu, huwa tunaizungumzia kama mzigo ulioshushwa kutoka kwenye treni. Ni kweli mashine zilishuka. Lakini kulifanya jiwe la kijani la Likasi lipande juu ya maji kulijulikana hapa, kwa mafuta ya nchi hii, kwa mikono ya watu waliosimama zamu baada ya zamu kwenye vyumba vya mapovu na kujua kwa macho kama povu ni jema. Povu likiwa kavu na kubwa, mafuta yamepungua. Likiwa jembamba la kijivu, udongo umeingia. Ujuzi wa macho namna hiyo haupatikani katika mchoro wa mtambo.

Shituru ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, na kazi yake ilikuwa kuyapokea makinikia na kuyafanya shaba bila moto. Makinikia yaliingia kwenye mapipa marefu ya kusimama, aina inayoitwa pachuca kwa jina la mji wa Mexico, ambamo hewa iliyosukumwa kutoka chini ilikoroga tope na tindikali ya salfa. Shaba iliyeyuka, maji yakawa ya buluu. Kilichobaki, mchanga mwekundu na mweupe, kilitakiwa kutengwa na maji hayo ya thamani, na hapo ndipo Shituru ilipoonyesha sanaa yake: matangi mapana ya duara, yenye mkono wa chuma unaozunguka polepole sana chini kabisa, tope likizama na maji safi yakimwagika pembeni kwenda tangi linalofuata. Tope lilioshwa hivyo tangi baada ya tangi ili lisiondoke na shaba. Maji ya buluu yaliendelea hadi kwenye ukumbi wa umeme, shaba ikaganda juu ya bamba, na tindikali ikazaliwa upya kurudi kwenye mapipa. Tindikali ya kujazia ilitengenezwa jirani na Sogechim, kwa kuchoma makinikia ya zinki ya Kipushi na kunasa moshi wake.

Kilichohitajika kuliko vyote ni umeme. Ukumbi wa Shituru usingewaka bila maporomoko ya Lufira, na mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kilianza kazi. Bwawa lake liliifurikisha nyika ya Lufira na kuzaa ziwa ambalo halikuwepo, Tshangalele, pana na la kina kifupi, lililojaa magugu, ndege na samaki. Wavuvi walihamia kando yake. Samaki wa Kapolowe wakaanza kuuzwa Likasi na Lubumbashi, na hadi leo wanauzwa.

Baadaye ikaja kobalti. Ili kuipata, sehemu ya maji ya buluu ilitolewa kando na kusafishwa kwa chokaa: kwanza chuma na alumini ziliganda na kutolewa, kisha shaba, mwishowe kobalti yenyewe. Chokaa ilikuwa ya nyumbani. Mawe ya chokaa ya Kakontwe, mlangoni mwa Likasi, ni maarufu kiasi kwamba wanajiolojia walilipa tabaka zima la miamba ya Katanga jina hilo.

Metali inapogandishwa kwa chokaa haigandi kama jiwe. Mwaga maji ya chokaa ndani ya glasi yenye maji ya buluu ya shaba na utaona wingu la buluu hafifu likijikunja, laini kama uji mwepesi, kila bonge likiwa limeshiba maji. Bonge hilo ni zito kuliko maji kwa nywele tu. Linashuka polepole, linasitasita; upepo mdogo au mkondo wa joto unalinyanyua tena. Mabonge makubwa hufika chini. Madogo hayafiki. Matangi ya kutulizia yamepangwa kwa ajili ya mchanga, na mchanga huyatii. Wingu halitii. Linapita juu ya ukingo pamoja na maji yanayoitwa safi.

Kwa chembe za aina hii ndipo wazo la Elmore lililotupwa na migodi lilipopata kazi. Mwaka 1924 wavumbuzi wawili wa Skandinavia walilichukua kwa ajili ya viwanda vya karatasi, ambako nyuzi nyepesi za mti zilikuwa zikipotea na maji. Badala ya kufyonza hewa, mitambo ya namna hii ilikuja kusukuma. Sehemu ndogo ya maji yaliyokwisha kusafishwa, yapata sehemu 1 katika 10, inarudishwa na kushindiliwa hewa ndani ya pipa la chuma kwa shinikizo mara 4 hadi 6 ya lile la angani. Kisha inaachiliwa ghafla kupitia tundu jembamba chini ya tangi. Maji yanageuka meupe kama maziwa. Weupe huo ni viputo, kila kimoja na upana wa kati ya mikroni 10 na 100, vingi vyembamba kuliko unywele. Viputo vya Panda, vilivyochapwa kwa mashine, vina upana wa milimita moja hivi: vinafaa kubeba jiwe, lakini mchapo wenyewe ungelirarua bonge la chokaa vipande vipande. Viputo vya hewa iliyoyeyushwa havirarui kitu. Vinaingia ndani ya bonge, vinakwama kwenye mikunjo yake, na bonge lililokuwa zito kwa nywele linakuwa jepesi kwa nywele. Kiputo cha mikroni 50 hupanda takriban mita 5 kwa saa. Mwendo wa kinyonga, lakini ni mara nyingi zaidi ya ule wa bonge linaloshuka.

Nikiri kwamba jambo hili nililiamini vizuri baada ya kulifanya kwenye meza ya jikoni. Chupa ya plastiki ya soda, nusu maji. Pampu ya baiskeli yenye sindano iliyopenyezwa kwenye kifuniko. Kusukuma hadi chupa iwe ngumu kama goti, kutikisa dakika tano. Pembeni, mtungi wa kioo wenye maji ya tope la mtoni niliyoyatia shabu, ile ile ambayo mama zetu wengi waliitumia kutuliza maji ya kisima, hadi tope likajikusanya kuwa mabonge kama ya mtindi uliokatika. Nilipoyaachilia yale maji yenye hewa polepole kwa mrija hadi chini ya mtungi, maji yalipauka. Kwa nusu dakika hakukuonekana kitu. Kisha mstari wa uangavu ulianza chini ya mtungi na kupanda, kama pazia linalovutwa kwenda juu, na matope yote yakawa kofia ya kahawia juu ya maji. Kwa mtu aliyezoea kusubiri tope lizame, moyo hushtuka kidogo.

Kwa maji ya kunywa, njia hii ilisambaa Sweden na Finland katika miaka ya 1960, nchi za maji baridi yenye rangi ya majani yaliyooza na chembe zisizozama. Lakini Afrika haikuwa nyuma, na hili ni la kujivunia. Mwaka 1968 Windhoek, mji mkuu wa nchi kavu ambayo leo ni Namibia, ulifungua kiwanda cha Goreangab kinachogeuza maji machafu ya mji kuwa maji ya kunywa, cha kwanza duniani kufanya hivyo moja kwa moja. Maji yaliyofika pale yalikuwa ya kijani kwa mwani wa mabwawa, na mwani hauzami. Uliondolewa kwa kuelesha. Kiwanda kipya kilichofunguliwa mwaka 2002, chenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, bado kina hatua ya hewa iliyoyeyushwa kabla ya mchanga na ozoni. Wahandisi wa Afrika Kusini waliendeleza fani hii kwa bidii katika miaka hiyo. Huko Johannesburg, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Felix Sebba alichapisha mwaka 1959 njia ya kuelesha hata metali iliyoyeyuka kabisa, kwa kuipa kitu kama sabuni ya kuishika na kiputo cha kuipandisha. Ni jamaa wa karibu wa sabuni ya shaba ya Panda. New York ilisubiri hadi 2015 kufungua kiwanda chake kikubwa cha Croton, kilichochimbwa chini ya bustani ya Bronx, ambamo maji hueleshwa kwa hewa juu ya vitanda vya mchanga.

Shituru katika miaka hiyo ilikuwa na habari nyingine. Septemba 1961, mji ukiitwa bado Jadotville kwa jina la Jean Jadot, kikosi cha Waayalandi 155 wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa hapa na majeshi ya Katanga iliyojitenga. Maji yao yalikatika. Helikopta ilipofanikiwa kutua na maji, yalikuwa yamebebwa katika vyombo vilivyokuwa na mafuta, na askari wenye kiu hawakuweza kuyanywa. Ni tukio dogo katika vita kubwa, lakini kila ninapolisoma nafikiria jinsi filamu nyembamba ya mafuta inavyotosha kuharibu maji, na kwamba kitu hicho hicho, filamu nyembamba ya mafuta, ndicho kilichokuwa kikiutajirisha mji.

Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa na Gécamines ikazaliwa kutoka humo. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, na miaka miwili baadaye familia za Wakasai, wakiwemo mafundi na makarani waliozaliwa hapa hapa, zilifukuzwa na kulala wiki na miezi kwenye stesheni ya Likasi zikisubiri treni. Waliondoka na ujuzi ambao haukuandikwa popote. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango wa hiari. Viwanda vilichoka. Mtambo wa maji machafu ni wa kwanza kuachwa kampuni inapokosa pesa, kwa kuwa hauleti hata kilo moja ya shaba.

Karne mpya ilileta viwanda vipya, kikiwemo kimoja Shituru, vinavyotumia njia ambayo babu wa Panda angeitambua mara moja. Maji ya buluu huchanganywa na mafuta ya taa yenye dawa inayoichagua shaba, kisha mafuta hutengana na maji na kupanda juu. Daima kidogo hubaki ndani ya maji kama vitone visivyoonekana. Vitone hivyo ni hasara kwa kiwanda, huunguza bamba za shaba, na vikitoka nje ni madhara kwa mto. Kwa ajili ya vitone hivi viwanda vingi duniani vya aina hii vimefunga matangi ya kuelesha, na hapo mchakato umerudi mgodini ulikozaliwa.

Mto wenyewe umepimwa. Mwaka 2009 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichapisha matokeo ya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na kobalti waliyoikuta ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa kwa watu wasio wafanyakazi wa metali. Mwaka 2010 wengine, wa Lubumbashi na Ubelgiji, walichapisha utafiti wa bonde la Lufira ya Juu, wakifuatilia shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, urani, vanadi na arseniki kutoka kwenye maji na matope hadi kwenye chakula cha samaki na samaki wenyewe. Maji ya Shituru huteremka kwa vijito hadi Lufira, na Lufira huingia Tshangalele. Ziwa la kina kifupi lenye magugu ni tangi kubwa la kutulizia. Yale mabonge yaliyokataa kuzama Shituru yanazama pale, katika matope ambamo samaki hula.

Sisemi kwamba hewa iliyoyeyushwa ingemaliza yote. Haiwezi kushika metali iliyoyeyuka hadi chokaa iigandishe kwanza, na chokaa ikikosekana au ikipimwa ovyo hakuna kiputo kitakachosaidia. Mchanga mzito wa masika haufai kueleshwa, uachwe uzame. Kompresa na pampu zinahitaji umeme usiokatika, jambo ambalo Likasi inalijua kwa uchungu, na kwa kuwa mji uko mita 1,300 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyembamba kwa kama sehemu moja ya saba, hivyo kompresa hulazimika kuvuta zaidi. Na kofia ya tope inayokwanguliwa juu bado ni tope la metali linalohitaji mahali pa kulala salama. Lakini kofia hiyo ni nzito zaidi kuliko tope la tangi la kutulizia, inachukua nafasi ndogo, na ina shaba na kobalti ndani yake ambazo zinaweza kurudishwa kwenye pipa la tindikali. Tangi la kuelesha hupitisha maji mita 5 hadi 15 kwa saa, la kutulizia mita 1 au 2. Katika uwanja finyu wa kiwanda cha zamani hiyo ni tofauti kati ya kinachowezekana na kisichowezekana. Na majaribio yake ya kwanza yanaanza na kitu kidogo: mitungi sita ya kioo mezani, maji ya mfereji, chokaa ya Kakontwe kwa vipimo sita tofauti, pipa moja la shinikizo lisilozidi ukubwa wa mtungi wa gesi. Mtu aliyewahi kusoma povu la Panda kwa macho angejua siku ya kwanza mtungi upi ni mwema. Wazee wa namna hiyo bado wapo mjini, na vijana wa kitivo cha ufundi Lubumbashi wanaweza kuwafikia kwa basi la asubuhi.

Mwadingusha imekarabatiwa. Mitambo yake sita, yenye megawati 78, iliunganishwa tena na gridi mwaka 2021. Alfajiri wavuvi wa Tshangalele huvuta nyavu zao juu ya maji yaliyotulia, na maji hayo hayo, pamoja na yaliyoteremka kutoka Shituru, husogea taratibu hadi ukutani mwa bwawa, huporomoka kupitia mitambo, na nguvu yake husambaa Katanga kwa nyaya, ikawashe kumbi ambamo shaba inaganda juu ya bamba.